Mtoto mwenye malaria aliyepungukiwa damu: aongezewe ipi, kiasi gani, na kwa nini homa inabadilisha hesabu

Masika yakikolea mbu huongezeka, na wiki chache baadaye wodi za watoto katika hospitali za wilaya hujaa. Miongoni mwa watoto wanaofikishwa huko wapo ambao malaria imeshawamaliza damu. Viganja vyao ni vyeupe, midomo imepauka, wanapumua haraka haraka, na wengine hawana hata nguvu ya kulia. Daktari akisema "huyu aongezewe damu", ndugu huanza kupigiana simu kutafuta wa kuchangia, na maswali nayo huanza.

Maswali hayo hutufikia studio kila msimu kama huu. Mzazi anauliza kwa nini mwanawe alitundikiwa nusu ya chupa tu wakati ndugu wawili walitoa damu. Mwingine anataka kujua kama damu iliyokaa kwenye jokofu wiki tatu ina nguvu sawa na ile iliyotolewa leo na mjomba wa mtoto. Wapo pia walioambiwa mtoto wao asubiri kwanza, na wakabaki na hasira kwamba wamenyimwa huduma.

Makala hii inajibu maswali hayo kwa kutumia tafiti zilizofanyika hapa hapa Afrika, kwa watoto wa Kiafrika, katika hospitali zinazofanana na zetu. Jibu fupi ni kwamba damu ni dawa kama dawa nyingine: ina aina yake, ina kipimo chake na ina wakati wake. Na mtoto mwenye maambukizi, hasa mwenye homa kali, hahitaji kipimo sawa na cha mtoto ambaye mwili wake hauna joto.

Malaria inamalizaje damu?

Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, huzaliana humo, kisha huzipasua ili kuingia katika nyingine. Hiyo ni hasara ya kwanza. Hasara ya pili inatokana na mwili wenyewe. Bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchuja damu na kuondoa chembe mbovu, huongeza kasi na kuondoa hata chembe nyingi ambazo hazikuwa na kimelea. Ya tatu ni kwamba uboho, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, hupunguza uzalishaji wakati mwili unapambana na ugonjwa.

Chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda sehemu zote za mwili. Uwezo huo hupimwa kwa kipimo cha HB. Mtoto mdogo mwenye afya huwa na HB ya gramu 11 au zaidi kwa kila desilita ya damu. Ikishuka chini ya 6, upungufu huo huhesabiwa kuwa mkali. Ikifika 4 au chini yake, maisha yako hatarini saa yoyote.

Kwa miaka mingi miongozo ya Shirika la Afya Duniani imeelekeza kwamba mtoto mwenye HB ya 4 au chini yake aongezewe damu. Mwenye HB kati ya 4 na 6 huongezewa akiwa na dalili za hatari, kama kupumua kwa shida, kupoteza fahamu au mwili kuishiwa nguvu kabisa. Kiasi kilichozoeleka ni mililita 20 za damu nzima kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 10 hupata mililita 200. Chupa moja ya damu anayotoa mtu mzima huwa na takriban mililita 450. Ndiyo maana mtoto huyo hatumii hata nusu ya chupa, na mzazi akiona hivyo asidhani kwamba damu ya mwanawe imepelekwa kwa mgonjwa mwingine.

Utafiti wa Uganda na Malawi

Madaktari wengi walikuwa na wasiwasi na miongozo hiyo. Je, mililita 20 zinatosha? Na mtoto mwenye HB ya 5 asiye na dalili za hatari, ni salama kweli kumwacha bila damu? Ili kupata jibu, ulifanyika utafiti mkubwa uitwao TRACT katika hospitali za Mulago, Mbale na Soroti nchini Uganda, na hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi. Uliwahusisha watoto 3,196 wa umri wa miezi 2 hadi miaka 12 waliofikishwa hospitali wakiwa na HB chini ya 6. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Wengine walikuwa na ugonjwa wa selimundu au maambukizi mengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019.

Tuanze na swali la kusubiri. Watoto 1,565 walikuwa na HB kati ya 4 na 6 lakini hawakuwa na dalili za hatari. Kwa kura, nusu yao waliongezewa damu mara moja. Nusu nyingine walipewa matibabu ya ugonjwa wao na kuangaliwa kwa karibu, wakiongezewa damu pale tu hali ilipobadilika au HB iliposhuka chini ya 4. Baada ya siku 28, walikuwa wamefariki watoto 7 kati ya 778 walioongezewa mara moja, na 13 kati ya 787 waliosubiri. Kwa hesabu za kitaalamu tofauti hiyo haitoshi kusema njia moja ni bora kuliko nyingine. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa "tusubiri kwanza, tunamwangalia" hajanyimwa haki. Anapewa huduma ambayo imepimwa.

Hata hivyo, kati ya wale waliosubiri, karibu nusu, yaani asilimia 49, walilazimika kuongezewa damu baadaye. Walionekana mapema kwa sababu walikuwa wodini, wanapimwa na kupimwa tena, na damu ilikuwepo. Kusubiri kwa namna hiyo ni tofauti kabisa na kusubiri nyumbani, au kwenye zahanati isiyo na benki ya damu na ambako gari la wagonjwa liko umbali wa saa tatu. Mtu asichukue matokeo haya kama sababu ya kuahirisha safari. Mtoto mwenye viganja vyeupe apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na uamuzi wa kusubiri ufanyiwe huko.

Homa ilivyogeuza matokeo

Swali la pili lilikuwa kiasi. Watoto waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipangiwa mililita 20 za damu nzima kwa kilo na jingine mililita 30. Ukiwatazama wote kwa pamoja, baada ya siku 28 walifariki 72 kati ya 1,604 waliopangiwa kiasi kidogo, na 55 kati ya 1,592 waliopangiwa kiasi kikubwa. Hapo pia tofauti haikuwa ya kutosha kutoa uamuzi.

Lakini watafiti walipowatenganisha watoto kwa joto la mwili walilokuja nalo hospitali, picha ilibadilika. Watoto 1,943 hawakuwa na homa, yaani joto lao halikuzidi nyuzi 37.5. Kwao kiasi kikubwa kilikuwa na faida kubwa, kwani hatari ya kufa ilishuka hadi chini ya nusu ikilinganishwa na wenzao waliopata mililita 20. Kwa watoto 1,253 waliokuwa na homa ilikuwa kinyume. Waliopewa mililita 30 walikuwa na hatari ya kufa inayokaribia mara mbili ya wenzao waliopewa mililita 20.

Ni watoto wa hospitali zile zile, na damu ni kutoka katika benki zile zile. Ukiwachanganya pamoja huoni kitu, kwa sababu faida ya kundi moja inafunikwa na madhara ya kundi jingine. Ukiwatenganisha kwa kipimajoto, unaona kwamba kiasi kile kile kinachomwokoa mmoja kinaweza kumdhuru mwenzake.

Kwetu sisi wa vijijini jambo hili lina uzito wa pekee. Kifaa kinachohitajika hapa ni kipimajoto, ambacho kipo hata kwenye zahanati ndogo kabisa. Mashine ya mamilioni haihitajiki. Pia linagusa mazoea yetu. Mara nyingi ndugu wakiona mtoto bado amelegea baada ya chupa ya kwanza, humbana muuguzi: "Sista, muongezee nyingine, damu tumeleta." Kwa mtoto mwenye homa kali, ombi hilo linaloletwa kwa upendo linaweza kuwa hatari. Kama HB itashuka tena au dalili zikirudi, daktari ataamua kuhusu chupa ya pili. Lakini uamuzi huo utoke kwenye vipimo. Hofu ya ndugu isiwe ndiyo inayoamua.

Kwa nini homa?

Sababu kamili haijathibitishwa, na wataalamu wanaendelea kuichunguza. Kinachojulikana ni namna mwili unavyofanya kazi wakati wa maambukizi, na hapo tunapata mwanga.

Homa ni ishara kwamba jeshi la kinga ya mwili limeamka. Katika hali hiyo kuta za mishipa midogo ya damu hulegea na kupitisha maji kirahisi, moyo hukimbia, na mapafu huwa mepesi kuathirika. Ukiongeza kiasi kikubwa cha kimiminika ndani ya mwili ulio katika hali hiyo, moyo na mapafu vinaweza kuelemewa.

Afrika Mashariki ililiona hilo mapema. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa Tanzania ulifanyika katika hospitali ya Teule, Muheza, na kwa Kenya ulikuwa Kilifi. Zaidi ya watoto 3,000 wenye homa na hali mbaya walihusishwa. Baadhi walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama ilivyokuwa ikifanyika katika nchi tajiri, na wengine hawakupewa. Ndani ya saa 48 walifariki takriban watoto 10 au 11 katika kila 100 waliopewa maji ya haraka. Kwa wale ambao hawakupewa, walifariki 7 katika kila 100. Kitu ambacho wengi walikiona ni msaada wa wazi kilikuwa kinaondoa uhai wa watoto.

Damu si maji matupu, na ina jambo la ziada. Chembe nyekundu zinazoongezwa haziishi zote. Baadhi, hasa zilizochoka kwa kukaa kwenye jokofu, huondolewa na bandama na ini ndani ya saa chache. Zinapovunjwa huachia madini ya chuma. Bakteria wengi hupenda chuma, kwa sababu hukitumia kukua. Isitoshe, askari wa kinga wanaosafisha chembe zilizokufa ni wale wale wanaotakiwa kumeza bakteria. Wakielemewa na kazi moja, ya pili hulegea.

Hii ni muhimu kwa mtoto wa malaria kwa sababu watoto waliopungukiwa damu sana kwa malaria hushambuliwa kirahisi na bakteria kwenye damu, hasa wa jamii ya Salmonella. Ndiyo maana daktari anaweza kumpa mtoto mwenye malaria dawa za kuua bakteria pamoja na sindano ya malaria. Si kwamba amechanganyikiwa kuhusu ugonjwa. Anaziba mlango wa pili.

Damu ya leo au ya jokofuni?

Imani kwamba damu iliyotolewa leo na ndugu ndiyo yenye nguvu imeenea sana. Hoja ya chuma tuliyoieleza inaweza kumfanya mtu aiamini zaidi. Hata wanasayansi walikuwa na hofu hiyo. Nchini Marekani, majaribio kwa mbwa wenye nimonia, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba waliopewa damu iliyokaa siku 42 walikufa zaidi kuliko waliopewa ya siku 7.

Lakini mbwa si watoto wetu, na wale mbwa walipewa damu nyingi mno. Hospitali ya Mulago, Kampala, ililipima jambo hilo kwa watoto wenyewe. Watoto 290 wenye upungufu mkali wa damu, wengi wao kwa malaria au selimundu, na ambao miili yao ilikuwa imeshaanza kukosa oksijeni, waligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza lilipewa chembe nyekundu zilizokaa siku 1 hadi 10. La pili lilipewa zilizokaa siku 25 hadi 35. Watafiti walipima asidi inayojaa mwilini oksijeni inapokosekana. Baada ya saa 8, idadi ya watoto ambao asidi yao ilikuwa imeshuka ilikaribia kuwa sawa katika makundi yote mawili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Kwa hiyo mtoto mahututi asicheleweshwe kwa kungoja damu ya leo ya mjomba wakati damu iliyopimwa ipo kwenye jokofu. Damu iliyohifadhiwa ndani ya muda wake na kwa baridi inayotakiwa inafanya kazi. Muda unaopotea kumtafuta ndugu, kumpima na kusubiri majibu ndio unaoua.

Kuna pia tofauti kati ya damu nzima na chembe nyekundu zilizotenganishwa. Damu nzima ni ile iliyo kama ilivyotoka kwa mchangiaji, pamoja na majimaji yake. Chembe zilizotenganishwa zimeondolewa sehemu kubwa ya majimaji, ndiyo maana kipimo chake ni nusu: mililita 10 kwa kilo badala ya 20. Mzazi akiona mfuko wa mtoto wake ni mdogo kuliko wa jirani asihofu. Huenda wa jirani ni damu nzima na wa mwanawe ni chembe tupu. Katika takwimu za TRACT, damu nzima ilipandisha HB vizuri zaidi. Faida ya kutenganisha ni kwamba chupa moja ya mchangiaji inaweza kusaidia zaidi ya mgonjwa mmoja, na mgonjwa ambaye moyo wake haubebi majimaji mengi hupata chembe anazozihitaji bila mzigo.

Je, kundi O halipati malaria?

Swali hili hurudi kila tukizungumzia damu. Watu wa kundi O wanapata malaria kama wengine. Ukweli uliomo ndani ya uvumi huo ni kwamba tafiti za Afrika, ikiwemo Mali, zimeonyesha kwamba wana uwezekano mdogo zaidi wa kupata malaria kali. Chembe iliyoingiwa na kimelea huweza kunasa chembe nyingine nzima na kufanya kishada kinachoziba mishipa midogo, pamoja na ile ya ubongo. Alama za kundi A na B juu ya chembe hufanya kazi kama gundi ya vishada hivyo. Chembe za kundi O hazina alama hizo, na vishada vyake huwa vidogo na dhaifu. Kinga hiyo ni ya sehemu tu, kwa hiyo mwenye kundi O alale ndani ya chandarua kama jirani yake.

Ila katika kuongeza damu, kundi si jambo la kujadiliana. Mtoto wa kundi O akipewa damu ya kundi A, kinga yake itaishambulia mara moja, na matokeo yanaweza kuwa kifo. Ndiyo maana maabara hupima kundi na kulinganisha damu ya mchangiaji na ya mgonjwa, hata kama mchangiaji ni baba mzazi. Baba na mtoto wanaweza kuwa na makundi tofauti bila tatizo lolote la ukoo.

Damu ya mchangiaji hupimwa pia virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Malaria ni changamoto nyingine, kwa sababu mtu mzima anayeishi kwenye eneo la mbu anaweza kuwa na vimelea bila kuumwa. Mjini Kumasi, Ghana, watafiti walijaribu kuisafisha damu nzima kwa vitamini B2 na mwanga maalumu kabla ya kuwaongezea wagonjwa. Kati ya wagonjwa 37 waliopewa damu yenye vimelea isiyosafishwa, 8 waliambukizwa malaria. Kati ya 28 waliopewa iliyosafishwa, aliambukizwa 1. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2016. Kwa sasa kinga iliyo mikononi mwetu ni rahisi zaidi: anayehisi homa au mwili kuchoka asichangie siku hiyo.

Na watu wazima?

Kwa watu wazima wenye maambukizi makali yaliyoenea kwenye damu, jibu linaelekea upande huo huo. Katika nchi za Denmark, Sweden, Norway na Finland, wagonjwa 998 wa namna hiyo waliokuwa chumba cha wagonjwa mahututi waligawanywa kwa kura. Baadhi waliongezewa damu HB iliposhuka hadi 9, na wengine hadi 7. Baada ya siku 90 walifariki asilimia 45 ya kundi la kwanza na asilimia 43 ya kundi la pili. Kundi la pili lilitumia damu kidogo zaidi kwa mbali, na halikupata hasara. Utafiti huo ni wa mwaka 2014. Hospitali zao si kama zetu, lakini unatuonyesha kwamba kumjaza damu mgonjwa mwenye maambukizi hakumponyi maambukizi. Kinachoponya maambukizi ni dawa yake.

Haya yanatudai nini?

Katika hospitali, yanadai mtoto apimwe uzito, joto na HB kabla ya damu, na apimwe tena baadaye. Kazi hizo ni ndogo, lakini zinahitaji watu. Wodi yenye muuguzi mmoja usiku na watoto arobaini haiwezi kumwangalia kila aliyeambiwa asubiri. Tunapozungumzia damu salama, basi, tuzungumzie pia idadi ya wauguzi wa zamu, vipimo vya HB visivyokwisha na umeme usiokatika kwenye jokofu la damu. Hayo ni maswali halali ya kumuuliza diwani na kamati ya afya ya kituo.

Kwa mzazi au mlezi, yapo mambo anayoweza kuyafanya mwenyewe:

Muonyeshe mhudumu viganja, ulimi na ndani ya kope za mtoto kila anapougua homa. Vikiwa vimepauka, omba apimwe HB pamoja na malaria.

Ukifika hospitali, taja kama mtoto ana selimundu, kama ameshawahi kuongezewa damu, na dawa alizomeza tangu aanze kuumwa, zikiwemo za dukani na za kienyeji.

Uliza kwa heshima: "HB yake ni ngapi? Ana joto kiasi gani? Atapewa kiasi gani, kwa saa ngapi, na atapimwa tena lini?" Maswali hayo si ya ugomvi. Daktari mzuri huyafurahia.

Kaa karibu na mtoto wakati damu inaingia. Joto likipanda ghafla, akianza kutetemeka, kujikuna, kuvimba uso, kupumua kwa shida au kukojoa mkojo mweusi, mwite muuguzi mara moja. Usiguse mpira wala usiharakishe damu ili imalizike mapema.

Usiondoke hospitali ukidhani vita imekwisha. Mtoto aliyepungukiwa damu sana kwa malaria hubaki dhaifu kwa miezi kadhaa. Utafiti uliofanyika Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa ya kuzuia malaria kila mwezi kwa miezi mitatu baada ya kuruhusiwa walirudishwa hospitali au kufariki kwa kiwango kidogo zaidi kuliko wasiopewa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huo kwa maeneo yenye malaria nyingi. Muulize daktari kabla ya kuruhusiwa kama dawa hiyo inapatikana kwenye kituo chenu. Na mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

Kwa jamii, jambo kubwa ni damu kuwepo kabla haijahitajika. Damu ya mtoto atakayelazwa mwezi ujao inapaswa kuwa imeshatolewa, imeshapimwa na iko kwenye jokofu. Hapa Tanzania anayeweza kuchangia ni mtu mwenye afya njema, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4, ila si akiwa mjamzito au ananyonyesha. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una vituo vya kanda Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Tabora, Mtwara na Mbeya, na timu zake hukusanya damu shuleni, vyuoni, misikitini na makanisani. Uongozi wa kijiji unaweza kuomba siku ya kuchangia kupitia hospitali ya wilaya. Wakati mzuri wa kuomba ni kabla ya mvua, kwa sababu shule zikifungwa vijana wengi wanaochangia hutawanyika, na mara nyingi likizo hizo hugongana na msimu wa malaria.